Pizza shambani Utange, na suala la divai

Jioni moja mpwa wangu alinikuta barazani akanipa karatasi aliyoiandika hesabu. Wageni kumi na wawili, kila mmoja na ada yake, mara mbili kwa mwezi, kwenye shamba letu la Utange. "Shangazi," akasema, "watu watakuja wakande unga kwa mikono yao, wachome pizza yao wenyewe, kisha waonjeshwe divai, waende zao." Nikamuuliza, "Divai, mwanangu? Chini ya minazi ya babu yako?" Akatazama chini. Karatasi nikaitia mkobani.

Sikuitupa, na sababu ni hii. Wanaoijua Kisauni wanajua Utange ilivyokuwa na ilivyo sasa. Shamba letu ni ekari tatu za minazi na miembe, na majirani wa pande zote mbili wameshauza. Ploti zimekatwa, mawe yamemwagwa, nyumba zinapanda. Dalali hutupigia simu karibu kila wiki. Kaka yangu mkubwa anataka tuuze tugawane, kila mtu ashike chake, na simlaumu, ana watoto wanaosoma. Nazi zenyewe hazimlipi hata mtu wa kupalilia. Kwa hivyo kijana akija na njia ya shamba kujilisha bila kuuzwa, mie humsikiliza mpaka mwisho, hata kama njia yenyewe ina chupa ndani yake. Naandika haya kwa kuwa najua familia nyingi, si Kisauni tu bali hata Likoni na kule nyuma ya Changamwe, zina shamba kama letu na kijana mwenye karatasi kama ile.

Jambo hili asili yake ni Italia. Watu wa vijijini huko walikuwa wakihamia mijini, mashamba yakibaki na wazee. Wakulima wakaanza kupokea wageni: walale, wale cha shambani, washike kazi kidogo. Mwaka 1985 nchi yao ikapitisha sheria maalumu ya utalii huo, ambao wao huuita agriturismo, na sharti lake kubwa ni kwamba kilimo kibaki ndiyo kazi kuu ya shamba, wageni wawe nyongeza. Hapo nilisoma mara mbili. Kwetu nimeshuhudia shamba likigeuzwa uwanja wa sherehe, na mwaka wa pili minazi ikaangushwa ili magari yapate pa kusimama.

Na divai huko haikuletwa kuwa pambo. Mwenye shamba ana mizabibu yake, anakuonjesha alichokilima. Kuonja kwenyewe si kunywa, kama wengi wetu tunavyodhani. Mtu huangalia rangi kwenye mwanga, huizungusha glasi, hunusa, hupiga funda dogo akalizungusha kinywani, na wajuzi hulitema katika chombo, maana akimeza zote hatajua ya kwanza ilitofautianaje na ya mwisho. Afrika Mashariki zabibu za divai zinalimwa Dodoma, tena huvunwa mara mbili kwa mwaka, na kwetu Kenya ziko Naivasha. Utange hakuna hata mzabibu mmoja. Divai ya mpwa wangu ingenunuliwa dukani Nyali ikaja kufunguliwa chini ya mnazi. Nikamuuliza, hapo mgeni anaonja nini chetu?

Pizza, kwa upande wake, si ngeni Pwani. Waitaliano walifika Ngomeni, karibu na Malindi, miaka ya 1960 na mradi wao wa San Marco wa kurusha satelaiti kutoka baharini, na satelaiti yao ya kwanza kutoka pale ilirushwa mwaka 1967. Wengine waliofuata wakajenga nyumba na mahoteli, na leo Malindi utakuta mpishi Mgiriama anayechoma pizza na kukuhesabia bei kwa Kiitaliano. Ile inayoitwa pizza ya Zanzibar pale Forodhani ni habari nyingine. Huo ni mkate wa mayai uliobadilishwa jina, na wa kwetu Mombasa ni mtamu zaidi, atakayekasirika akasirike.

Basi tukajaribu wenyewe, familia tu, kabla ya kumwita mgeni. Pizza ya Napoli, ambayo ufundi wake uliingizwa mwaka 2017 katika orodha ya UNESCO ya turathi za binadamu, unga wake una vitu vinne: ngano, maji, chumvi na hamira. Kwa kilo moja ya unga tulitia maji kiasi cha mililita 600, chumvi gramu 25, na hamira pakiti nzima. Hapo ndipo tulipokosea. Hamira ni kitu kilicho hai. Hula sukari iliyomo katika unga, ikatoa hewa inayoumua donge, pamoja na kileo kidogo ambacho karibu chote hupotea motoni. Kadiri joto linavyozidi ndivyo inavyokula kwa haraka. Napoli unga huachwa saa nyingi kwa utulivu. Joto la Utange mwezi wa pili halina utulivu. Tulikanda saa nne asubuhi, na kufikia adhuhuri donge lilikuwa limefurika beseni na linanuka kama tembo la jana. Tulipolitandaza likachanika kama kitambaa kichakavu.

Sasa tunatia hamira gramu mbili tu kwa kilo, maji ya friji, tunakanda alfajiri kwa dakika kama kumi na tano, tunafunika kwa nguo mbichi na kuweka kivulini. Ukitaka kujua kama umeumuka vizuri, bonyeza kwa kidole: shimo likirudi polepole, uko tayari, likibaki limezama, umepitiliza. Mama yeyote wa mahamri analijua hilo bila kufunzwa na Mtaliano. Jambo ambalo hatukulijua ni kutotumia kifimbo cha chapati. Kifimbo hukamua hewa yote. Pizza hutandazwa kwa ncha za vidole kutoka katikati kwenda nje, ukingo usiguswe, na ule ukingo ndio unaofutuka motoni.

Tanuri lilitupa somo jingine. Kaka, kwa kubana pesa, aliagiza lijengwe kwa mawe ya matumbawe yaliyobaki nyumbani kwake. Nilimwambia, kaka, haya ndiyo mawe wazee waliyoyachoma kupata chokaa, yatastahimilije? Akasema moto wa mkate si moto wa chokaa. Siku ya kwanza yakapasuka kwa vishindo, kipande kikamrukia mwashi mguuni. La pili tukalijenga kwa udongo wa kichuguu uliokandwa na mchanga na majani makavu, juu ya sakafu ya matofali ya kuchoma, likaachwa likauke taratibu wiki tatu. Hili lipo mpaka leo. Kuni ni za mvinje, tukianzia na vifuu. Moto huwaka kama saa mbili. Kuba la ndani huwa jeusi kwa masizi, kisha masizi huungua na kuba hurudi kuwa jeupe. Hapo ndipo unasukuma makaa kando na kutia pizza. Napoli tanuri hufika nyuzi 430 na zaidi na pizza huiva kwa dakika moja au moja na nusu. Yetu huchukua tatu, na hakuna aliyelalamika.

Siku hiyo mama yangu mdogo alikuja kuchungulia tanuri, akacheka. Akatukumbusha mkate wa mofa, donge la mtama linalobandikwa kwenye ubavu wa tanuri la udongo. "Mnachofunzwa ni hiki hiki," akasema, "mmekilaza tu." Kisha akasema jambo lililonishika: bibi yetu hakuwa na hamira ya pakiti. Alikuwa akitia tembo kidogo katika unga, mkate ukaumuka. Nimeona baadaye kuwa si ajabu. Wagoa huumua sanna zao za mchele kwa tembo la mnazi, na Sri Lanka hufanya hivyo kwa mikate yao ya mchele na nazi.

Hapo mazungumzo ya divai yakageuka. Kama tunataka kinywaji cha shamba hili, kipo juu ya minazi, na mgema wetu hukiteremsha kila siku.

Kikao cha familia kilifanyika nyumbani kwa ami, naye alianza kabla chai haijamiminwa: kileo hakiingii shamba la marehemu, iwe cha zabibu au cha mnazi. Mpwa wangu, kwa adabu lakini bila kumung'unya, akamjibu, "Shikamoo ami, mbona kodi ya mgema tunaila?" Kimya kikaanguka. Ni kweli. Mgema amepanda minazi yetu miaka mingi, hulipa kwa mnazi, na pesa hizo zimelipa maji, umeme, hata hitima. Hakuna kati yetu aliyekuwa amelisema kwa sauti. Ami alitazama ukutani muda mrefu, kisha akaomba aelezwe tembo hupatikanaje hasa, maana yeye, alikiri, hajawahi kuuliza.

Tukamwita mgema mwenyewe, mzee wa Kigiriama. Akaeleza. Hupanda kwa vidato vilivyochongwa shinani, akaifunga panda kabla karara haijafunguka, akakata ncha kwa kotama, akatungika chombo. Kila akipanda, asubuhi na jioni, hukata tena kipande chembamba ili utomvu usizibe. Panda inayogemwa haizai nazi, ndiyo maana hulipa kodi. Utomvu unapotoka ni mtamu tupu, una sukari nyingi. Lakini hamira ya asili imo hewani na imo ndani ya chombo kilichotumika jana, kwa hivyo kuchacha huanza pale pale. Lililolala juu usiku kucha, likishushwa asubuhi lina povu, na likikaa siku kadhaa huwa siki. Divai huulizwa mwaka wake. Tembo, alisema mgema, liulize saa yake.

"Na likichemshwa?" ami akauliza. Likichemshwa linaposhuka tu, kuchacha hukoma, na ukiendelea kulipika huwa asali nzito ya rangi ya kahawia, na zaidi ya hapo sukari. Indonesia na Sri Lanka wanauza sukari hiyo dunia nzima. Ami akasema, hilo nalielewa.

Makubaliano hayakumfurahisha kila mtu. Mgema huosha vyombo viwili kwa maji ya moto, huvitungika baada ya jua kutoka, huvishusha saa mbili au tatu baadaye, na utomvu huingia sufuriani mbele ya wageni, usibaki hata kikombe. Kinachokwenda mezani ni asali ya mnazi, siki ya mnazi ndani ya kachumbari, dafu la mnazi mfupi na la mnazi mrefu ili mgeni aonje tofauti, na maji ya ukwaju. Minazi ya mgema upande wa pili wa shamba imebaki yake mpaka mwisho wa mwaka, kisha tutazungumza. Mpwa wangu alinung'unika kuwa wageni wa Nyali watataka glasi. Nikamwambia pia kuna sheria: tangu ile ya mwaka 2010, kuuza kileo, hata cha kienyeji, kunataka leseni, na aliye chini ya miaka 18 hauziwi, nasi tunaita familia zije na watoto. Leseni hiyo sitaki jina langu juu yake. Cheti cha afya cha wapishi tulikitafuta.

Kuna ugumu ambao bado haujatatuka. Kodi ya mgema ilikuwa ya uhakika. Wageni si wa uhakika. Na mzee huyu, akikoma kugema kwetu, atakwenda wapi, wakati kila shamba la jirani limeshakuwa ploti? Yeye mwenyewe hakulalamika. Aliuliza tu asali huuzwa bei gani.

Darasa la kwanza walikuja tisa kati ya kumi na wawili. Mama mmoja kutoka Mtwapa alitandaza unga kama aliyezaliwa nao. Kijana mmoja alirusha wake hewani kama alivyoona kwenye simu, ukatua mchangani. Pizza zilikuwa na kamba, nyanya, pilipili mbichi na jibini kidogo, maana jibini ni ghali. Mgeni mmoja aliuliza divai iko wapi, mpwa wangu akamletea kijiko cha asali. Akaomba cha pili. Baada ya kununua unga, jibini na kuni na kumlipa mgema, tulibakiwa na shilingi elfu tisa.

Ami alifika baada ya alasiri, akavuta kiti chini ya mwembe, akala vipande viwili bila kusema neno, akaniuliza lini tena. Kaka alikuwa kando, simu ikilia mkononi. Ilikuwa dalali. Hakuipokea, wala hakuizima.