Shubiri, Choa na Marhamu: Nafasi ya Istilahi katika Utengenezaji wa Dawa za Mimea za Kupaka

Kiswahili huifahamu shubiri kwa uchungu wake. Uchungu huo hutokana na utomvu wa manjano ulio chini ya ganda la jani la mshubiri, wala si ute mwangavu wa katikati. Kwa mshairi tofauti hiyo ni ndogo. Kwa mtengenezaji wa dawa ya kupaka ni kubwa. Ute hulainisha ngozi kavu, ilhali utomvu una aloini, ambayo huharisha ikinywewa, na huweza kuichokoza ngozi. Mnukuzi anayeandika kwamba mganga “hupaka shubiri”, bila kuuliza ni sehemu ipi ya jani, humkabidhi mkemia malighafi mbili kwa jina moja.

Tatizo huzidi upande wa majina ya maradhi. Kitabibu, choa ni maambukizi ya kuvu. Katika mazungumzo ya kawaida, jina hilo huweza kubeba baka lolote la mviringo lenye magamba, likiwamo la ukurutu (pumu ya ngozi, kama wengi wanavyoiita) au la soriasisi, ambayo ni maradhi sugu yasiyoambukiza. Mmea unaopunguza mwasho na uvimbe unaweza kumpa nafuu mwenye ukurutu. Ukipakwa penye choa halisi, dalili huweza kufifia huku maambukizi yakienea, kama inavyotokea kwa krimu za steroidi. Kwa hiyo kauli “alipona choa” haitoshi kuamua kama dondoo la mmea lipimwe dhidi ya kuvu au dhidi ya uvimbe. Wala hojaji inayouliza kuhusu “wekundu” haisaidii sana, kwani kwenye ngozi nyeusi baka hilo huweza kuonekana la kijivu au la zambarau.

Mwarobaini, uliopewa jina kwa imani kwamba hutibu maradhi arobaini, haumwelekezi mtafiti aanze na lipi.

Suala hili lina uzito wa kisera pia. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 inahusu ridhaa ya awali na mgawanyo wa manufaa yatokanayo na maarifa ya jadi. Maarifa yaliyosajiliwa kwa jina lenye utata ni vigumu kuyarejesha kwa wenyewe marhamu inapofika sokoni. Fomu ya ukusanyaji wa data inapaswa, angalau, kubeba jina la mahali husika, sehemu ya mmea na hali yake, mbichi au kavu, pamoja na maelezo ya baka kwa maneno ya mgonjwa mwenyewe, kabla ya tafsiri yoyote.