Karani Mstaafu na Daftari la Pomboo wa Kizimkazi

Wasomaji wengi wa ukurasa huu wameshawapeleka watoto kutazama pomboo asubuhi baharini Maskati, au walipokuwa likizo Unguja walifika Kizimkazi. Leo nataka kueleza upande mwengine wa jambo hilo, yaani kazi ya kujitolea kuwasaidia watafiti wa wanyama hawa. Niliifanya kwa wiki tatu, msimu wa kaskazi, nikiwa na umri wa miaka 71. Watu huniuliza, "Mzee kama wewe ulikwenda kuogelea?" La. Nilikwenda kuandika.

Nilisoma skuli ya misheni, na kwa sista wetu kufuta neno daftarini lilikuwa kosa la rula. Ukikosea unakata kwa mstari mmoja, ili lililoandikwa mwanzo lisomeke. Baadaye nikawa karani kwa miaka 34. Sikujua kwamba adabu hiyo itanifaa ndani ya boti.

Kusini mwa Unguja wanaishi pomboo wa aina mbili: yule wa kijivu mwenye pua fupi nene, ambaye watalii humfuata, na pomboo mwenye nundu mgongoni, ambaye ni mwoga zaidi. Hadi 1996 wavuvi wa huko waliwawinda, na nyama yao ikawa chambo cha papa. Biashara ya watalii ilianza 1992, watu wakaona kuwa pomboo aliye hai ana faida kuliko aliyekufa. Watafiti waliofanya hesabu kati ya 1999 na 2002, katika eneo la kilomita 26 za mraba, walikadiria wale wa kwanza kuwa 136 hadi 179, na wenye nundu 58 hadi 65. Ni idadi ya watu wa mtaa mmoja mdogo. Wakipotea wachache tu, pengo linaonekana.

Wanahesabiwaje wanyama wanaozama na kuibuka? Kitambulisho chao ni pezi la mgongoni. Kila pezi lina mapengo na makovu yake, kama mtu na alama za vidole. Mpiga picha hupiga pande zote mbili, kisha jioni picha hulinganishwa na albamu. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Tuseme leo umewapiga picha pomboo 40. Mwezi ujao unapiga tena 40, na 20 kati yao ni wale wale wa mwanzo, yaani nusu. Basi wale 40 wa mwanzo ni kama nusu ya wote, na jumla yao ni karibu 80. Watafiti huongeza marekebisho mengi, lakini msingi ni huo.

Kazi yangu ilikuwa karatasi. Kila baada ya dakika chache niliandika saa, mahali tulipo, na hali ya bahari kwa namba: 0 ni shwari kama kioo, 4 ni mawimbi yenye mapovu meupe, na hapo tulirudi pwani. Halafu idadi ya pomboo, watoto wao, wanafanya nini (wanasafiri, wanakula, wanapumzika, wanacheza), na boti ngapi ziko karibu nao.

Siku ya nne nilikosea. Jua lilinipiga machoni, nahodha akasema "kumi na wawili", nami nikaandika 12. Binti mtafiti akaniuliza, "Babu, umewahesabu mwenyewe?"

"Hapana, mwanangu. Kasema nahodha."

"Basi safu hii tuikate, Babu."

Niliona haya, lakini alikuwa na haki. Namba moja ya kubahatisha huharibu zile za kweli zilizo jirani yake. Vilevile siku tulizokaa saa nne bila kumwona hata mmoja, niliandika sifuri. Ukiziacha siku hizo, mwaka ule utaonekana wa neema kuliko ulivyokuwa.

Safu iliyoniuma ni ile ya boti. Asubuhi moja kundi lenye mama na mtoto lilikuwa limepumzika, likielea polepole. Ikaja boti moja, kisha tano, wageni wakirukia maji mbele yao. Kundi likazama, likaibukia mbali, boti zikalifuata. Katika karatasi yangu "wanapumzika" ikawa "wanasafiri" asubuhi yote. Utafiti uliofanywa hapo umeonyesha jambo hilo hilo kwa hesabu: boti zikiwapo, pomboo hupumzika kidogo na husafiri sana.

Jioni nilimuuliza nahodha mmoja wa watalii kwa nini wanawakatia njia. Akanijibu kwa upole, "Mzee wangu, mgeni kalipa. Asipowaona karibu atasema nimemwibia." Sikuweza kumlaumu. Na hao wageni ni sisi.

Pomboo mwenye nundu ni jirani yetu huku pia. Anaishi sehemu mbalimbali za mwambao kutoka Afrika Kusini hadi Musandam na ndani ya Ghuba. Abu Dhabi peke yake wamekadiriwa kama 700, kwa mujibu wa utafiti uliochapishwa 2017. Hata hivyo yumo katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka.

Kwa kijana anayetaka kujitolea, aulize kwanza: nani anaongoza kazi, ana kibali cha serikali, na daftari linakwenda wapi baadaye? Akiambiwa kazi ni kuogelea na pomboo, ajue hiyo ni safari ya utalii. Achukue kofia, maji na dawa ya kichefuchefu.

Kwa familia zinazokwenda kutazama tu, mwambieni nahodha kabla hamjang'oa nanga: tukae ubavuni, mashine ipunguzwe, tusiwakatie njia, na wakizama tuwaache. Mwambieni pia kwamba malipo yake ni yale yale, wakionekana au wasionekane.