Sumaku Haitoi Umeme wa Bure

Kila mara vijana huniuliza kuhusu video zinazoonyesha sumaku zikizungusha gurudumu na kuwasha balbu, bila mafuta wala betri. Wanataka kujua kama wanaweza kujitengenezea mashine ya namna hiyo. Hawawezi, na sababu yake inavutia kuliko video zenyewe.

Tuanze na sumaku ya spika mbovu. Watoto huifunga uzi na kuiburuta mchangani, nayo hurudi imeota ndevu nyeusi. Hizo ni punje za magnetaiti, madini yenye chuma. Sufuria ya alumini hainasi, wala shaba. Ndiyo maana mnunuzi wa vyuma chakavu hutembea na sumaku mfukoni.

Ndani ya chuma, kila atomu ni sumaku ndogo mno. Katika msumari wa kawaida atomu hizo zimejipanga makundi makundi, kila kundi likielekea upande wake, hivyo nguvu zao hubatilishana. Usugue msumari kwa sumaku mara nyingi, kila mara kuelekea upande uleule, na makundi yataanza kuelekea pamoja. Msumari utaokota pini. Chuma kikipashwa moto kupita nyuzi 770 za Selsiasi, mpangilio huo huvurugika. Na ukiikata sumaku katikati ili utenge ncha ya kaskazini na ya kusini, utapata sumaku mbili, kila moja na ncha zake mbili.

 

Sasa angalia pini iliyonaswa. Kazi ya sumaku imeishia hapo. Ili iivute tena, lazima uibandue, na kuibandua kunadai kiasi kilekile cha nishati ambacho sumaku ilitoa ilipoivuta. Gurudumu la kwenye video lingekwama papo hapo.

Umeme unatokaje basi? Mwaka 1820 Hans Christian Ørsted wa Denmark aliona mshale wa dira ukigeuka karibu na waya unaopitisha umeme. Mwaka 1831 Michael Faraday, huko London, alionyesha upande wa pili: sumaku ikisogezwa ndani ya koili ya waya, umeme hupita kwenye waya huo. Sumaku ikitulia, umeme hukoma.

Lakini umeme ukishaanza kupita, huigeuza koili nayo kuwa sumaku, tena sumaku inayopinga mwendo ule ule ulioleta umeme. Chukua mota ya gari la kuchezea lililoharibika. Zungusha mhimili wake kwa vidole, uhisi wepesi wake. Kisha gusanisha nyaya zake mbili na uzungushe tena. Umekuwa mzito, kana kwamba unakoroga uji mzito, na hukuongeza chochote ila njia ya umeme kupita.

Uzito huo ndio bei ya umeme, na lazima awepo wa kuilipa. Kwenye Bwawa la Julius Nyerere, mto Rufiji, mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja inazungushwa na maji yanayoporomoka. Kwenye baiskeli analipa mwendeshaji: akiibana dinamo kwenye tairi usiku, taa inawaka na pedali zinakuwa nzito.