Moksa: Joto la Majani Makavu na Mtoto Aliyetanguliza Matako

Sindano ya Kichina inajulikana na wengi, lakini pacha wake hajulikani sana. Kwa Kichina tiba hiyo huitwa zhenjiu, neno lenye sehemu mbili: zhen ni sindano, na jiu ni kuchoma. Sehemu ya pili ndiyo moksa, yaani kuunguza majani makavu karibu na ngozi ili joto lipenye mahali maalumu. Maandishi yaliyofukuliwa mwaka 1973 katika kaburi la Mawangdui, mjini Changsha, lililofungwa mwaka 168 kabla ya Kristo, yanaeleza uchomaji huo bila kutaja sindano.

Majani yatumikayo ni ya mmea wa jamii ya pakanga, Artemisia argyi. Hukaushwa, hutwangwa na kupepetwa hadi yabaki manyoya laini mfano wa sufi, kisha husokotwa ndani ya karatasi. Mtabibu huwasha ncha na kuishika sentimita chache juu ya ngozi, mpaka mgonjwa ahisi uvuguvugu na ngozi ianze kuwa nyekundu. Zamani majani yaliwekwa juu ya ngozi yenyewe hata yakaacha kovu.

Matumizi yaliyochunguzwa sana ni kwa mjamzito ambaye mtoto wake ametanguliza matako. Joto huelekezwa kwenye ukingo wa nje wa ukucha wa kidole kidogo cha mguu. Mwaka 1998 jarida la JAMA lilichapisha utafiti wa wanawake 260 wa mkoa wa Jiangxi, wote wakibeba mimba ya kwanza. Katika wiki ya 35, watoto 98 kati ya 130 wa kundi la moksa walikuwa wametanguliza kichwa, dhidi ya 62 kati ya 130 wa kundi jingine. Utafiti uliofuata nchini Italia ulikatizwa mapema na haukuonyesha tofauti. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2023 yanasema kwamba moksa, ikiongezwa kwenye huduma ya kawaida, huenda ikapunguza idadi ya watoto wanaobaki wametanguliza matako hadi kuzaliwa. Lakini upasuaji wa kujifungua haukupungua kwa kiasi cha kutajika.

Kwa hiyo mama asiache kliniki kwa kutegemea joto la mguuni. Kila mara mlalo wa mtoto uthibitishwe na mkunga au kwa kipimo cha ultrasaundi, na mpango wa kujifungulia hospitali ubaki palepale. Mtoto anayetanguliza matako, akizaliwa pasipo mtaalamu, anaweza kukwama kichwa au kutanguliwa na kitovu.

Wako pia wasiofaa kuchomewa kabisa bila idhini ya daktari. Mwenye kisukari ambaye miguu yake imekufa ganzi hahisi moto unapozidi, na lengelenge dogo laweza kuwa kidonda kisichopona. Mwenye pumu hudhurika kwa moshi. Ngozi yenye jeraha, uso na macho visiguswe.

Mhudumu wa afya amwulize mgonjwa kwa upole iwapo anatumia tiba hii, wala asimkemee. Anayekemewa huficha, na kinachofichwa hakitibiwi mapema. Mgonjwa naye aonyeshe alama yoyote ya kuungua siku hiyohiyo, wala asiache dawa alizoandikiwa.