Utulivu Ndani ya Gari: Muziki Bora na Usalama wa Masikio

Katika karne ya 19, msafara uliotoka pwani haukuingia Tabora kimyakimya. Mbele alitangulia kirangozi aliyejipamba. Nyuma yake zilirindima ngoma na kulia baragumu za pembe, na ulipokaribia mji bunduki zilifyatuliwa hewani ili wenyeji wa Kazeh, kama sehemu hiyo ilivyojulikana wakati ule, wapate habari kwamba wageni wamefika. Mpagazi wa Kinyamwezi aliyetembea miezi kadhaa na mzigo begani aliona kwamba kusikika ni haki yake.

Leo barabara kuu inayotoka Manyoni kupitia Itigi hadi Tabora, na ile inayoendelea Urambo, Kaliua hadi Kigoma, hupita katika nchi ileile ya miombo. Fahari ya kusikika nayo haijatoweka, ila imehama kutoka kwenye ngoma hadi kwenye buti la gari. Jioni, chini ya miembe ya mjini, Toyota Mark II ya zamani hutambulika kwa mdundo wake kabla taa zake hazijaonekana. Mwenye gari hilo si mtu wa kulaumiwa. Mji uliozaa bendi za Tabora Jazz na Kiko Kids hauwezi kuambiwa kwamba muziki ni anasa. Linalostahili kuulizwa ni jambo jingine: je, muziki mkubwa na muziki mzuri ni kitu kimoja?

Magari yenyewe yanatoa sehemu ya jibu. Mark II ya toleo la GX100, iliyotengenezwa kati ya 1996 na 2000, na ile ya GX110 iliyofuata hadi 2004, zilibuniwa nchini Japani kwa ajili ya mnunuzi aliyependa utulivu. Injini yake ya silinda 6 haitetemeki sana, viti ni vipana, milango ni mizito na imezungushiwa raba nene. Yalipoagizwa Tanzania yakiwa yamekwisha kutumika, yaliwawezesha watu wa kipato cha kati kumiliki gari la hadhi. Mara nyingi kitu cha kwanza kubadilishwa kilikuwa redio, tena kwa sababu ya msingi kabisa: redio nyingi za FM za Japani zilitengenezwa kunasa megahezi 76 hadi 90, ilhali vituo vya hapa hutangaza kati ya 88 na 108. Redio mpya ikidai spika mpya, spika zikadai amplifaya, na amplifaya ikavuta sabufa ya kujaza buti. Ndivyo gari lililobuniwa kwa ajili ya ukimya linavyogeuzwa hatua kwa hatua kuwa chombo cha kelele.

Achukuliwe mfano wa dereva mmoja, ambaye si mtu halisi bali ni picha ya wengi wanaoweza kuonekana katika kliniki ya masikio, pua na koo. Ana umri wa miaka 38, huendesha kati ya Tabora na Nzega karibu kila siku, na amefunga sabufa mbili nyuma ya kiti cha abiria. Amefika hospitali kwa sababu usiku, nyumba inapotulia, husikia mlio mwembamba usiokoma. Akiulizwa kuhusu usikivu, hujibu, “Nasikia vizuri tu, daktari, watu wa siku hizi ndio wanaosemea mdomoni.” Mke wake ana maelezo tofauti. Anasema televisheni haishuki sauti, na juzi mumewe alitajiwa bei ya elfu sita akatoa elfu tisa. Binti yao wa miaka 6 hupelekwa shule kwa gari hilohilo, naye hukaa kiti cha nyuma.

Kosa la sita na tisa si la bahati mbaya. Maneno hayo mawili yana irabu zilezile katika mpangilio uleule. Yanatofautishwa na nafasi za s na t. Konsonanti hizo hutegemea sana masafa ya juu ya sauti, na uharibifu unaotokana na kelele huanza katika eneo hilohilo. Mgonjwa wa namna hii akipimwa, chati yake ya usikivu huwa na bonde lililochongoka karibu na hezi 4,000. Sauti nzito za irabu bado anazipata, kwa hiyo anajua kwamba mtu amesema, lakini hana hakika amesema nini. Huyu ndiye mtu anayeamini kwa dhati kwamba masikio yake ni mazima.

Sababu iko ndani ya koklea, kiungo kilichojiviringa kama konokono katika sikio la ndani. Humo mna takriban seli 15,000 zenye vinyweleo vinavyogeuza mtikisiko wa sauti kuwa ujumbe wa neva. Sauti kali huzichosha. Baada ya safari ndefu yenye muziki wa juu mtu huona masikio yameziba, kisha asubuhi hali hurejea. Nafuu hiyo hudanganya. Uchovu ukirudiwa, baadhi ya seli hufa, na kwa binadamu seli hizo hazioti tena. Hakuna dawa ya kuzirejesha wala upasuaji wa kuzipandikiza.

Njia hii ya misafara ina kisa kinachoonyesha jinsi uharibifu huo unavyotofautiana na magonjwa mengine ya sikio. Mwezi Machi 1858, John Hanning Speke, aliyefika Kazeh pamoja na Richard Burton Novemba iliyotangulia, alikuwa kisiwani katika Ziwa Tanganyika pale mdudu alipoingia sikioni mwake usiku. Alijaribu kumtoa kwa ncha ya kisu. Sikio lilijeruhiwa, likatunga usaha, uso ukavimba hata akashindwa kutafuna kwa siku kadhaa, na kwa miezi mingi upande huo ulikuwa karibu na uziwi. Julai mwaka huohuo aliondoka Kazeh kuelekea kaskazini, alikoliona Ziwa Victoria mwezi uliofuata, akiwa bado anaugua sikio. Somo la kwanza ni la zamani: mdudu akiingia sikioni, kisu, kijiti na njiti ya kiberiti visiguswe, mgonjwa apelekwe kituo cha afya. Somo la pili ndilo linalomhusu dereva. Speke alijua tangu usiku ule kwamba ameumia. Kelele haileti usaha wala uvimbe, na mara nyingi haileti hata maumivu. Huiba polepole, na mwenye mali hugundua wakati ghala limekwisha kupungua.

Kiasi cha wizi huo kinaweza kukadiriwa. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtu mzima anayesikiliza muziki kwa burudani asizidi wastani wa desibeli 80 kwa saa 40 kwa juma. Kwa watoto kiwango ni desibeli 75 kwa muda huohuo. Kila desibeli 3 zinapoongezeka, muda salama hupungua kwa nusu. Kwa desibeli 83 ni saa 20 kwa juma, kwa 86 ni saa 10, kwa 89 ni saa 5. Zikifika 95, fungu la juma zima ni saa 1 na dakika 15, muda unaoweza kumalizika katika safari moja ya Nzega.

Hapa fundi wa redio na daktari wa masikio hukutana kwenye hesabu moja. Kuongeza nguvu ya amplifaya maradufu, tuseme kutoka wati 50 hadi 100, huongeza desibeli 3 tu, tofauti ambayo msikilizaji huiona ndogo. Anayetaka sauti ionekane kuwa kubwa mara mbili huhitaji takriban desibeli 10, yaani nguvu mara 10. Kwa hiyo mwenye gari anayelipia wati maradufu na kuzitumia zote amenunua ongezeko dogo la sauti, na amepoteza nusu ya muda ambao masikio yake yangestahimili.

Njia bora huanza upande wa pili, kwa kupunguza kelele badala ya kuishinda. Dereva hupandisha muziki kwa sababu unashindana na upepo, matairi na bati linalotetemeka. Gari la umri wa miaka 20 na zaidi huwa na raba za milango zilizokauka, bomba la moshi lililotoboka na vishikizo vya injini vilivyochoka. Vikitengenezwa hivyo, na milango ikibandikwa kwa ndani mikeka mizito inayozuia bati lisitetemeke, muziki uleule husikika kwa uwazi sauti ikiwa chini zaidi. Hii ndiyo faida ya kuanza na gari la kifahari la zamani: utulivu wake ulikwisha kulipiwa kiwandani, kinachotakiwa ni kuurejesha.

Baada ya hapo zifuate spika nzuri za mbele, kwa kuwa mwimbaji na gitaa vinapaswa kusikika kutoka mbele ya msikilizaji kama jukwaani. Amplifaya ya kiasi ichaguliwe kwa kulingana na spika. Amplifaya inayolazimishwa kupita uwezo wake hukata vilele vya mawimbi ya sauti. Matokeo yake ni mkwaruzo unaochosha masikio na kuunguza spika ndogo. Sabufa moja iliyorekebishwa vizuri hutosha katika chumba kidogo kama cha gari, ambamo sauti nzito huongezeka yenyewe kwa sababu ya kufungiwa. Isitumike kama kipimo cha usalama, kwani sikio la binadamu ni zito kusikia besi na mtu huweza kuiongeza mno bila kujitambua.

Umeme nao una hatari yake. Amplifaya inayotoa wati 500 huku nusu ya umeme ikipotea kama joto huvuta wati 1,000 inapofanya kazi kwa nguvu zote. Kwa volti 14 za gari linalonguruma, hizo ni zaidi ya ampia 70. Waya mwembamba utapata moto. Kwa sababu hiyo waya uwe mnene, na fyuzi ifungwe karibu kabisa na betri, si karibu na amplifaya. Waya ukichubuka katikati, fyuzi iliyo mbali na betri haiwezi kuzuia moto.

Kwa mhudumu wa afya, gari ni swali linalopaswa kuingia katika historia ya mgonjwa. Anayelalamika mlio masikioni aulizwe kazi yake, muziki anaosikiliza na saa anazokaa barabarani. Aulizwe pia kuhusu dawa: gentamisini na streptomisini zinaweza kuharibu koklea, na madhara yake huweza kuongezeka pale kelele inapokuwapo, kwinini nayo huweza kuleta mlio na upungufu wa usikivu wakati wa matibabu. Sikio likaguliwe kwanza, kwa kuwa nta iliyoziba au usaha ni matatizo yanayotibika. Likionekana safi na malalamiko yakabaki, mgonjwa apelekwe kupimwa usikivu. Anayepoteza usikivu ghafla, hasa sikio moja, ndani ya siku 3 au pungufu, ni mgonjwa wa dharura na asisubirishwe.

Kwa dereva wa mfano ule, seli zilizokufa hazitarudi, lakini zilizobaki zinaweza kulindwa. Atashauriwa kupumzisha masikio, kufuatiliwa kwa vipimo na, ikihitajika, kupewa kifaa cha kusaidia kusikia. Hakuna haja ya kumwambia aing’oe redio. Mgonjwa anayeamriwa kuacha akipendacho mara nyingi huacha kliniki badala yake. Anayefundishwa kukitengeneza vizuri zaidi hurudi.

Kwa mwenye gari ambaye bado hajafika kliniki, kuna jaribio lisilogharimu kitu. Kabla ya kumlipa fundi, aweke muziki katika sauti anayoitumia safarini, ahamie kiti cha nyuma, mahali anapokaa mtoto, na abiria wa mbele amsomee namba: sita, tisa, saba, tatu. Kama abiria analazimika kupaza sauti, au kama namba moja imesikika kwa makosa, muziki umezidi. Apunguze hadi namba zote zifike sawasawa, kisha amwombe fundi aweke alama mahali hapo.