Mmea wa mitungi: mdudu ni mbolea, chakula ni mwanga

Mtu akishanunua mmea wa mitungi, swali lake la kwanza huwa aulishe nini. Anaviona vile vikombe vinavyoning'inia na vifuniko vyake, ameambiwa unakula wadudu, basi anaanza kuwaza nyama ya kusaga, maziwa, hata wali uliobaki. Nia ni njema, lakini mimea mingi hufa kwa mapenzi ya namna hiyo. Mmea huu haupati nguvu kwa wadudu. Nguvu unajitengenezea wenyewe kwa jua, maji na hewa, sawasawa na mwembe au mchicha. Anachouletea mdudu ni nitrojeni na fosforasi, vitu vilevile ambavyo mkulima huvitafuta kwenye samadi.

Ninazungumzia jamii ya Nepenthes. Aina zake nyingi ziko Borneo, Sumatra na Ufilipino, lakini majirani zetu wa Bahari ya Hindi nao wanayo. Huko Ushelisheli, Nepenthes pervillei huota kwenye miamba ya milima ya Mahé na Silhouette. Madagaska kuna Nepenthes madagascariensis, na Étienne de Flacourt, gavana Mfaransa wa Fort Dauphin, aliueleza mmea huo katika kitabu chake cha 1658 akidhani mtungi ni ua au tunda. Kumbe ni jani. Ncha ya jani hurefuka ikawa kikonyo chembamba, kikonyo kikapinda kwenda juu, mwisho wake ukavimba. Siku kifuniko kinapofunguka, majimaji yamo ndani tayari, yaliyotolewa na mmea wenyewe. Kwao ardhi ni fukara, mvua imeshaosha rutuba yote, na mizizi haina cha maana cha kuokota. Ndiyo maana kazi hiyo imehamia kwenye majani.

Mtego wenyewe hauna kinachosogea. Ukingo wa mtungi hutoa utomvu mtamu. Ukiwa mkavu, sisimizi hutembea juu yake bila shida, hulamba, kisha huenda kuwaita wenzake. Ukilowa kwa mvua au umande, utando mwembamba wa maji hutanda juu ya ukingo na miguu yao hukosa pa kushika. Ndani, aina nyingi zina ukuta wenye nta unaoteleza. Katika baadhi ya aina majimaji yenyewe huvutika kama mlenda, hivyo nzi aliyetumbukia hawezi kuchomoa mbawa zake. Kisha tindikali na vimeng'enya huanza kazi. Mwaka 1874 Joseph Hooker, mtaalamu wa mimea wa Uingereza, alitia vipande vidogo vya ute wa yai uliochemshwa na nyama ndani ya mitungi, akathibitisha kwamba huyeyushwa kweli.

Hata hivyo mmea hauna haja na nyama kwa sababu ni nyama. Tazama Nepenthes lowii wa milima ya Borneo. Mitungi yake ya juu ina mdomo mpana, na kifuniko chake hutoa utomvu unaopendwa na mnyama mdogo anayefanana na kindi. Mnyama hupanda juu ya mtungi, hulamba kifuniko, na akiwa pale pale hujisaidia ndani yake. Wanasayansi walipopima majani ya mmea huo mwaka 2009, waliona kwamba zaidi ya nusu ya nitrojeni yake imetoka kwenye kinyesi hicho. Sijui mfano mwingine unaoonyesha wazi zaidi mmea huu unatafuta nini.

Sasa turudi nyumbani. Ukiutundika barazani, mahali pa jua laini la asubuhi, usiulishe kabisa. Sisimizi, nzi na mbu watajileta. Ukiwa ndani ya nyumba yenye nyavu madirishani, hapo kuulisha kuna maana. Mdudu mmoja mdogo katika mtungi mmoja au miwili, mara moja kwa mwezi, anatosha. Nyenje, panzi mchanga, nzi, hata punje mbili tatu za chakula cha samaki. Mshike mdudu kwa kibano, ushikilie mtungi kwa mkono mwingine usipinde, umwachie azame. Sharti azame wote. Sehemu inayobaki juu ya majimaji huota ukungu. Mende aliyepuliziwa dawa usimtie.

Nyama na jibini ziache. Kipande kikubwa huoza kabla vimeng'enya havijakimaliza, mtungi ukanuka, ukageuka mweusi. Majimaji usiyamwage hata kama yana magamba ya wadudu. Yale magamba hayana dhara. Yakimwagika kwa bahati mbaya, tia maji kidogo ya mvua, yafike robo ya mtungi hivi.

Mbolea ya chumvichumvi kwenye udongo ni hatari kuliko njaa. Mizizi hii haikuzoea chumvi, na huungua. Kwa sababu hiyohiyo maji ya kisima, hasa ya mwambao, hayafai. Kuyachemsha hakusaidii, chumvi hubaki. Tumia maji ya mvua au yaliyokenekwa. Wengi hupanda kwenye makumbi ya nazi, na ni mazuri, ila makumbi yaliyolowekwa baharini kwa ajili ya kusokotea kamba yamejaa chumvi. Yaloweke kwenye maji ya mvua, yakamue, urudie mpaka maji yasiwe na ladha ya chumvi ulimini.

Lalamiko ninalolisikia zaidi ni kwamba majani yanatoka lakini mitungi haitoki, na mwenye mmea huongeza wadudu. Hapo tatizo si njaa. Angalia ncha ya jani: ukiona kijitungi kimeanza kisha kikakauka kikiwa kidogo kama punje ya mchele, hewa ni kavu mno au mwanga ni hafifu. Usogeze mmea karibu na dirisha, mbali na feni na kiyoyozi. Kuzidisha rutuba kunaweza hata kuleta kinyume. Mmea mwingine wa mitungi, Sarracenia purpurea wa Marekani ya Kaskazini, ukipewa nitrojeni nyingi hutoa majani bapa yenye mitungi midogo, kwa kuwa hauna tena sababu ya kutega.

Mtungi uliozeeka hukauka kuanzia juu. Kata sehemu ya kahawia tu, majimaji ya chini yaendelee kufyonzwa, na jani lenyewe uliache maadamu ni kijani.