Nahodha wa raga, afya ya wenzako i mikononi mwako

TUSEME ni Jumamosi alasiri katika uwanja wa maonyesho wa Mamboleo, Kisumu. Zimesalia dakika kumi mechi imalizike na timu yako iko nyuma kwa alama nne. Trai moja tu itawapa ushindi.

Mchezaji wako hodari kuliko wote anamkaba mpinzani na kichwa chake kinagonga goti. Analala chini kitambo, kisha anainuka akipepesuka. Refa alikuwa akitazama mpira. Kocha yuko kando ya uwanja, mbali. Wewe, nahodha, ndiwe uliye karibu naye. Unamwuliza kama ameumia naye anajibu, "Omera, niko sawa. Tuendelee."

Je, msomaji, ungefanya nini?

Swali hili si la mchezo tu. Ni la afya, na huenda likawa la uhai. Makala haya yanakuhusu wewe kijana uliyekabidhiwa unahodha shuleni, chuoni au klabuni. Yanakuhusu wewe mzazi pia, ambaye mwanao huondoka nyumbani na viatu vya raga begani.

Unahodha hauji na jezi

Aghalabu nahodha huchaguliwa kwa sababu ndiye mchezaji bora, au kwa kuwa ana sauti kubwa. Miezi ya kwanza hujaribu kufanya kila kitu peke yake: hukaba wa kwanza, hukimbia na kila mpira na kumfokea anayekosea. Baada ya muda hugundua kwamba amechoka na wenzake wamenyamaza.

Sheria za raga humpa nahodha mamlaka ambayo wachezaji wengine hawana. Yeye ndiye msemaji wa timu mbele ya refa. Yeye ndiye huamua, timu inapopewa penalti, kama watapiga mpira langoni au wataomba skramu. Vilevile ndiye mwenye nafasi nzuri ya kumwendea refa kwa heshima na kusema, "Bwana refa, mwenzangu ameumia, tafadhali simamisha mchezo."

Neno nahodha latoka baharini. Nahodha wa jahazi haulizwi tu kama chombo kimefika, bali pia kama mabaharia wote wamefika wakiwa hai. Hata wavuvi wa Dunga watakuambia kwamba anayeshika usukani hutazama mawimbi na pia hutazama watu aliowapakia.

Kenya imewahi kuwapata manahodha wa aina hiyo. Mnamo Aprili 2016, timu ya taifa ya wachezaji saba kila upande iliishinda Fiji 30-7 katika fainali ya Singapore na kutwaa taji lake la kwanza la Msururu wa Dunia. Nahodha alikuwa Andrew Amonde, naye kocha alikuwa Benjamin Ayimba, ambaye zamani alikuwa nahodha wa Kenya. Miaka mitano baadaye, Amonde aliipeperusha bendera ya Kenya katika ufunguzi wa Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, pamoja na mwanavoliboli Mercy Moim. Habari za Ayimba tutazirudia hapa chini, kwani zina funzo kubwa kwa wakazi wa kanda ya Ziwa.

Kichwa si cha kujaribiwa

Turudi kwa mwenzako aliyegongwa. Ubongo huelea ndani ya fuvu. Kichwa kinapogongwa au kutikiswa ghafla, ubongo hutikisika na kwa muda hushindwa kufanya kazi yake sawasawa. Huu ndio mtikisiko wa ubongo. Watu wengi hudhani kwamba ni lazima mtu azirai ndipo awe ameupata. Sivyo. Wengi wanaoupata hawazirai kamwe.

Dalili zake ni kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kuona ukungu, kuchukia mwanga, kupepesuka, kusahau na kuwa mzito wa kujibu. Wengine hukasirika au kulia bila sababu. Dalili hizi zaweza kuanza papo hapo au baada ya saa kadhaa.

Madaktari wa michezo huwa na maswali mepesi ambayo nahodha anaweza kuyakariri. Tuko uwanja gani leo? Hiki ni kipindi cha kwanza au cha pili? Nani alifunga mwisho? Mechi iliyopita mlicheza na nani? Mlishinda? Akikosa hata moja, atoke. Lakini kumbuka kwamba hata akiyajibu yote, kama alipepesuka au macho yake yalikodoa bila kuona, bado anapaswa kutoka. Kanuni ya shirikisho la raga duniani kwa wachezaji wa kawaida ni rahisi: ukishuku, mtoe, na siku hiyo asirudi tena uwanjani.

Kwa nini kuwa wakali hivyo? Kwa sababu pigo la pili kabla ubongo haujapona laweza kuufanya uvimbe ghafla. Mwaka 2011 huko Ireland Kaskazini, mvulana wa miaka 14 alifariki baada ya kugongwa zaidi ya mara moja katika mechi moja ya shule. Aliachwa aendelee kucheza. Uchunguzi wa kifo chake ulilithibitisha jambo hilo, na tangu hapo mataifa mengi yamebadilisha namna yanavyowatunza wachezaji.

Aliyepata mtikisiko asiachwe peke yake saa 24 za kwanza. Asinywe pombe, asiendeshe gari wala bodaboda. Apumzike siku moja au mbili, kisha arudie shughuli zake polepole: kutembea, kukimbia taratibu, kufanya mazoezi bila kukabana, na mwishowe mazoezi kamili akiruhusiwa na daktari. Kwa wachezaji wa kawaida, mwongozo wa kimataifa unasema asirudi kwenye mechi kabla ya siku 21.

Mpeleke hospitali bila kuchelewa endapo atatapika mara kwa mara, kichwa kitazidi kuuma, atasinzia na kuwa vigumu kuamshwa, atapatwa na kifafa, ataona vitu viwiliviwili, au atasikia udhaifu mikononi au miguuni. Akilalamikia shingo, msimwinue wala kumgeuza. Mmoja akishike kichwa kisitikisike, hadi wenye ujuzi na machela wafike.

Kwa hivyo, kabla ya kila mechi uliza: gari liko wapi? Nani ana simu yenye chaji? Tutakwenda hospitali gani? Wakazi wa Kisumu huijua Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga kwa jina la "Russia", lakini kuijua kwa jina hakutoshi ikiwa hamna njia ya kumfikisha majeruhi.

Skramu na wageni wa mstari wa mbele

Sehemu nyingine inayohitaji jicho la nahodha ni skramu. Shingo za wachezaji watatu wa mbele hubeba uzito mkubwa. Ikiwa mmoja wao ameumia na aliyesalia hajafunzwa kucheza nafasi hiyo, usimsukume ndani ili kuficha aibu. Mwambie refa. Sheria inaruhusu skramu isiyo na kusukumana. Kwa vijana walio chini ya miaka 19, sheria inakataza kusukuma zaidi ya mita moja na nusu. Heri kupoteza skramu kumi kuliko kumpeleka mtoto wa watu nyumbani akiwa hawezi kutembea.

Jua la Kisumu

Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, chini sana kuliko Nairobi au Eldoret. Alasiri nyingi joto hufika nyuzi 30 za Selsiasi, na unyevu wa Ziwa huzuia jasho kukauka upesi. Timu zinazokuja kwa mashindano ya Dala Sevens kutoka nyanda za juu hulijua jua hili. Mwili huhitaji wiki moja hadi mbili kulizoea.

Fundisha wenzako kutazama mkojo wao asubuhi ya mechi. Ukiwa mweupe kama maji ya limau, mwili una maji ya kutosha. Ukifanana na chai ya rangi, mtu anywe maji mapema, kidogo kidogo, wala si lita nzima mechi ikikaribia kuanza. Mwenye kiu apewe maji hata katikati ya mazoezi. Kumnyima maji mchezaji ili "akomae" ni ukatili.

Mchezaji akianza kusema maneno yasiyoeleweka, akayumba na mwili ukawa moto kama jiko, hilo laweza kuwa pigo la joto, nalo huua. Mpeleke kivulini, mvue jezi, mmwagie maji baridi mwili mzima na kumpepea huku mkitafuta gari. Msingoje gari ndipo mwanze kumpoza.

Aidha, kanda ya Ziwa ina watu wengi wenye chembechembe za urithi za selimundu bila kuwa wagonjwa. Wengi wao hucheza vizuri kabisa. Hata hivyo, joto kali, ukosefu wa maji na mbio za kulazimishwa vyaweza kuwaangusha. Mwenzako akisema misuli imekwisha nguvu ghafla, usimwite mvivu. Mwache apumzike.

Homa si uvivu

Sasa turudi kwa Ayimba. Mwanamume huyo aliyeshiriki raga ya kimataifa kwa miaka mingi alifariki Mei 2021 akiwa na umri wa miaka 44, kutokana na matatizo yaliyoletwa na malaria iliyopanda kichwani. Hakuna aliyeweza kumwita mnyonge. Mbu haulizi umebeba uzito gani.

Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba asilimia 19 ya watoto waliopimwa katika kanda ya Ziwa walikuwa na vimelea vya malaria, ilhali kiwango cha nchi nzima kilikuwa asilimia 6. Kwa hivyo mchezaji anapokuja mazoezini akitetemeka, kazi ya nahodha ni kumwelekeza akapimwe siku hiyo hiyo. Asimeze dawa zilizobaki nyumbani, na asicheze akiwa na homa. Timu ikilala ugenini, hakikisha kila kitanda kina chandarua.

Kuna na kichocho. Baada ya mazoezi, vijana wengi wa ufuoni hujitosa Ziwani kujipoza. Vijidudu vitokavyo kwa konokono wa majini hupenya ngozi bila mtu kuhisi. Baadaye huja maumivu ya tumbo, choo chenye damu na uchovu usioisha. Nahodha akiona mchezaji aliyekuwa na nguvu sasa anachoka upesi, amshauri aende zahanati. Dawa ipo, nayo hufanya kazi.

Mzigo usioonekana

Afya si mifupa na damu pekee. Mchezaji aliyeachwa nje ya kikosi, aliyekosa karo, au aliyeumia na kukaa miezi nyumbani, huweza kuzama katika huzuni. Anaacha kuja mazoezini, hapokei simu, anakunywa kupita kiasi baada ya mechi. Wenzake husema amebadilika, kisha humsahau.

Wewe si daktari wala kasisi. Lakini unaweza kumtembelea Nyalenda au Manyatta anakoishi, ukaketi naye na kumwuliza, "Ndugu yangu, unaendeleaje kweli?" Kisha nyamaza umsikilize. Akitaja kwamba hataki kuishi, usimwache peke yake na usilifanye siri. Mfikishe kwa mzazi, mwalimu au mhudumu wa afya. Ushauri huu unawahusu manahodha wa kike pia, kwani wasichana wetu wanacheza raga, na timu ya taifa ya wanawake imeshiriki Olimpiki za Rio na Tokyo.

Wala usijisahau mwenyewe. Nahodha anayeficha jeraha lake huwafundisha wenzake kuficha yao. Waambie walipo kocha, muuguzi na naibu wako, mgawane kazi. Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama, lakini hawakusema nahodha apige makasia peke yake.

Dakika kumi za mwisho

Basi turudi Mamboleo. Mwenzako anasema yuko sawa. Wewe umemwona akipepesuka. Mashabiki wanapiga kelele na saa inakwenda.

Inua mkono. Mwite refa. Mshike mwenzako bega, mtoe nje polepole, umkabidhi kwa mtu atakayekaa naye. Atakasirika, na huenda hata akakutukana mbele ya watu. Mnaweza kushindwa mechi hiyo, na Jumatatu watu wa Kondele watawacheka.

Lakini mama yake atampokea jioni akitembea kwa miguu yake mwenyewe, akitaja majina ya ndugu zake bila kukosea. Msimu ujao atarudi uwanjani, naye akiona mwingine amegongwa atajua la kufanya. Hapo ndipo utajua kwamba umekuwa nahodha.